Timu ya Mjomba

Fainali ile niliiangalia nikiwa nyuma ya goli, viatu vyangu vya mpira vikiwa kwenye mfuko wa rambo mkononi. Usiku wake nilikuwa nimevipaka mafuta ya kupikia ili ving'ae, maana hakuna aliyeniambia kwamba sichezi. Nilikuja kugundua palepale uwanjani, jezi zilipogawiwa na namba tatu ikapewa kijana mmoja kutoka Mtwara mjini ambaye hata jina nilikuwa simjui. Aliivaa, akajinusa begani, akasema bado inanukia nailoni. Ilikuwa mpya. Zote zilikuwa mpya. Alizinunua mjomba.

Ilikuwa Novemba 2017, kijijini kwetu juu ya uwanda wa Makonde, upande wa Newala, kabla barabara haijaanza kuteremka kuelekea Masasi. Mwenye mikorosho yeyote anaukumbuka msimu ule. Bei mnadani ilifika kwenye shilingi 4,000 kwa kilo, jambo ambalo wazee waliozoea kudhulumiwa na wanunuzi wa kangomba hawakuliamini mpaka walipoona meseji za benki. Watu waliezua nyasi wakaezeka bati. Pikipiki mpya ziliingia kijijini tatu kwa siku moja, na mbili kati ya hizo zilikuwa zimeanguka kabla ya Ijumaa. Mjomba wangu, mwenye mikorosho ya kurithi na mingine ya kupanda mwenyewe, alishika fedha ambazo hakuwahi kuzishika kabla wala hajazishika tena. Akaamua kununua ubingwa.

Kombe lilikuwa la ndondo, la kata, timu nane, uwanja una mteremko na mistari ya majivu. Zawadi ilikuwa ng'ombe dume mmoja. Kwetu ng'ombe ni mnyama wa kuletwa, si wa kuonekana kila siku, kwa hiyo alifungwa kwenye mwembe pembeni ya uwanja tangu asubuhi na watoto walikwenda kumwangalia kama vile yeye ndiye timu ya tatu.

Mjomba alichukua mamluki sita. Kipa alitoka Masasi mjini. Mabeki wawili na kiungo mmoja walitoka Mtwara, na wawili kati yao walisemekana kuwahi kufanya mazoezi na timu ya Ligi Kuu, maneno ambayo kwa ndondo yanatosha kupandisha bei mara mbili. Washambuliaji wawili sikujua wametoka wapi. Mmoja alikuwa na hereni, na kwa hereni ile tu akina mama walikuwa wameshamwita mbrazili. Walilala kwa mjomba siku nne. Walikula kuku. Nilivyokuja kukokotoa baadaye, kwa kuunganisha nauli, posho, jezi, mipira miwili na wale kuku, ilifika kama milioni mbili na laki moja. Yule ng'ombe, ukimpeleka sokoni, asingezidi laki sita.

Tulifungwa moja bila.

Bao lenyewe lilikuwa la kona, dakika za mwisho. Mpira ulikuja juu, mwepesi, wa kipa au wa beki yeyote. Kipa akapiga kelele: "Wewe!" Hakuwajua majina. Mabeki wawili wakasikia "wewe," kila mmoja akadhani ni yule mwingine, wote wakasimama. Kijana wa kijiji cha bondeni, ambaye kazi yake ni kubeba magunia ghalani, akauweka kwa kichwa. Alikuwa amecheza na wale wenzake tangu darasa la tatu. Kipa wao, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa akiwaita kwa majina ya utani siku nzima, mengine hayafai kuandikwa hapa.

Nimeuwaza ule mchezo kuliko mchezo wowote nilioucheza mwenyewe. Na kila mara timu yenye fedha inapopigwa, iwe Chamazi, iwe New York, sauti ya yule kipa inanirudia.

*

Mfano ulio karibu zaidi tunao nyumbani, nao ni Azam.

Timu ilianza mwaka 2004 kama burudani ya wafanyakazi wa viwanda vya Bakhresa, ikapanda Ligi Kuu mwaka 2008, na msimu wa 2013/14 ikachukua ubingwa bila kupoteza mchezo hata mmoja. Ilikuwa na uwanja wake Chamazi wakati Simba na Yanga, klabu za miaka ya thelathini ya karne iliyopita, zinahangaika kukodi. Ilikuwa na akademi, gym, na mishahara inayolipwa tarehe yake. Wengi wetu tuliamini kwamba zama za wakubwa wawili zimekwisha. Mimi nilisema kwa mdomo wangu, kijiweni, kwamba Azam itachukua mara tano mfululizo. Kuna watu Newala bado wananidai kwa kauli hiyo.

Haijachukua tena. Yanga ikachukua mitatu, Simba minne, Yanga tena minne kufikia 2025. Azam imepata Kombe la Kagame mwaka 2015 na 2018, na mwaka 2019 ikachukua Kombe la Shirikisho la Tanzania kwa kuwafunga Lipuli pale Ilulu, Lindi. Msimu wa 2023/24 ilimaliza ya pili mbele ya Simba kwa tofauti ya mabao. Si timu mbaya. Ila ubingwa wa ligi, ule ambao fedha zilitegemewa kuuleta kila mwaka, umebaki mmoja.

Kwa nini? Jibu la vijiweni ni waamuzi, na wenye jibu hilo hawataki jingine. Mimi nadhani kuna mambo mawili ya wazi kuliko hilo.

La kwanza, hebu hesabu makocha. Joseph Omog aliyemaliza ule msimu wa ubingwa hakudumu hata mwaka mmoja na nusu. Akarudi Stewart Hall. Akaja Zeben Hernández kutoka Hispania, akaja Aristica Cioaba kutoka Romania, akaja Hans van der Pluijm, akaja Etienne Ndayiragije, Cioaba akarudi, akaja George Lwandamina, akaja Moallin, Lavagne, Dabo, Taoussi, sasa Ibenge. Kila mmoja na wachezaji wake, lugha yake na mazoezi yake. Mkulima akibadilisha mbegu kila msimu hatakuja kujua ipi ilikuwa nzuri. Na ukiwa na fedha ni rahisi kubadilisha. Maskini humvumilia kocha wake kwa sababu hana nauli ya kumrudisha kwao.

La pili lilitokea katikati ya mwaka 2017, miezi michache kabla ya fainali ya mjomba. Katika dirisha moja la usajili, John Bocco, Aishi Manula, Shomari Kapombe na Erasto Nyoni waliondoka Azam wakaenda Simba. Kipa, beki wa kulia, mtu wa kucheza popote nyuma, na mshambuliaji ambaye alikuwa nahodha. Ule ni uti wa mgongo, umetolewa ukiwa mzima. Simba ilikuwa haijachukua ubingwa tangu 2012. Ikachukua 2018, 2019, 2020 na 2021. Watu huitaja ile kama kazi ya fedha za Mo Dewji, na ni kweli fedha zilikuwepo. Lakini tazama zilinunua nini: zilinunua watu wanne ambao tayari walikuwa wakiitana majina.

Hapo hoja yangu inaanza kunisumbua, maana kama fedha zimeweza kununua hata kujuana, basi nisiseme kwamba fedha haziwezi kitu. Nitarudi hapo.

*

Agosti 2019 Simba hiyohiyo ilikuwa imetoka kufika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Ikatanua kifua. Ikaleta Wabrazili watatu kwa mpigo, wa kweli safari hii, si wa hereni. Kwenye hatua ya awali kabisa ikapangwa na UD Songo, timu ya Msumbiji, kutoka mkoa wa Tete. Kwetu sisi tunaoishi tukiuangalia mto Ruvuma kutoka juu, Msumbiji si nchi ya mbali. Ni kwa shemeji. Lakini hata sisi hatukuwa tumewahi kuisikia Songo.

Kule Beira ikawa sare bila mabao. Dar es Salaam ikawa moja kwa moja, na Simba ikatoka kwa bao la ugenini. Aliyewafunga kwa mpira wa adhabu alikuwa kijana mfupi anaitwa Luis Miquissone.

Sasa hapa ndipo ninapoipenda soka. Simba haikulia muda mrefu. Miezi michache baadaye ikamsajili yuleyule Miquissone. Mashabiki, kwa vile katoka Msumbiji na Wamakonde tuko pande zote za mto, wakambandika jina la Konde Boy, ambalo ni la Harmonize, mtoto wa Mtwara. Februari 2021 Konde Boy akaipiga Al Ahly bao moja, lile lililoshinda mchezo, kwenye uwanja wenye jina la Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso, Masasi. Siku ile hapa kwetu watu walishangilia hadi wenye Yanga zao, kwa hesabu kwamba uwanja ni wetu na jina la mfungaji ni letu, kwa hiyo bao nalo ni letu.

Wale Wabrazili watatu hawakuacha alama ya kulingana na kelele za mapokezi yao. Tofauti yao na Miquissone ilikuwa kwamba yeye walimwona kwa macho yao, akiwaumiza, kwa dakika mia na themanini. Yule wa hereni mjomba hakumwona akicheza hata siku moja. Alisimuliwa tu na mtu kwenye simu, na huyo mtu, tulikuja kujua, alipewa elfu hamsini.

*

Mwaka juzi nilisoma Moneyball, kitabu cha Michael Lewis cha mwaka 2003 ambacho wasomaji wengi wa hapa watakuwa wanakijua zaidi kupitia filamu ya Brad Pitt. Nilikisoma nikiwa sijui besiboli hata kidogo, na ninakiri kuna kurasa nilizozipita kama mtu anayepita msibani kwa watu asiowajua. Kiini chake lakini ni chepesi. Oakland, timu maskini, mwaka 2002 ilitumia kama dola milioni 40 kwa mishahara wakati New York Yankees inatumia zaidi ya milioni 120, na bado zikamaliza na idadi ileile ya ushindi, 103 kila moja, kwa sababu meneja wao Billy Beane alinunua wachezaji ambao wengine waliwadharau.

Hiyo ndiyo sehemu inayosimuliwa na kila mtu. Kilichonishika mimi ni mwisho wa msimu ule. Wenzetu hucheza michezo 162, halafu wachache waliofanya vizuri wanaingia kwenye mtoano mfupi. Oakland maskini ikatolewa raundi ya kwanza. Na Yankees tajiri ikatolewa raundi hiyohiyo ya kwanza! Beane mwenyewe amewahi kukiri kwamba ujanja wake unafika mpaka mlangoni mwa mtoano, humo ndani ni bahati.

Michezo 162 ni mingi kiasi kwamba bahati inachoka. Anayelipa vizuri na kuchagua vizuri atakuwa juu. Simon Kuper na Stefan Szymanski, katika Soccernomics, walionyesha jambo kama hilo kwa mpira wa Uingereza: ukiangalia miaka mingi, mishahara inaeleza kwa kiasi kikubwa nani atakuwa juu na nani chini, lakini fedha za kununulia wachezaji hazielezi hivyo hata kidogo. Nilisimama hapo nikarudia aya ile mara tatu. Mshahara unampa mtu ambaye umeshamjua na unataka abaki. Fedha ya usajili unatoa kwa ajili ya mtu ambaye bado ni hadithi.

Lakini mchezo mmoja, Jumapili moja, kwenye uwanja wenye mteremko? Pale hata uwe na nini. Yanga ilikaa michezo 49 ya ligi bila kufungwa, halafu Novemba 2022 ikaenda Mbarali na Ihefu ikaimaliza mbili moja. Mwaka uliofuata ikaenda tena, ikafungwa tena mbili moja. Los Angeles Dodgers waliongoza kundi lao kila mwaka kuanzia 2013 wakiwa na mifuko mizito, na mpaka 2020 ndipo walipopata ubingwa. New York Mets mwaka 2023 walivunja rekodi ya mishahara katika besiboli wakashindwa hata kuingia mtoano, wakamaliza wakiwa wamepoteza zaidi ya walivyoshinda. Ile si bahati tena, ile ni yule kipa akiita "wewe" kwa Kiingereza, kwa michezo 162.

Paris nayo usiniambie. Neymar kwa euro milioni 222 mwaka 2017, Mbappé mwaka huohuo, Messi 2021. Kombe la Ulaya likaja Mei 2025, mabao matano bila dhidi ya Inter, wakati wote watatu wameshaondoka. Ila tusijidanganye kwamba waliobaki waliokotwa jalalani. Paris ilikuwa bado tajiri, imebadilisha tu namna ya kutumia. Na Dodgers wametumia fedha nyingi kuliko karibu kila mtu na wamechukua 2024 na 2025 mfululizo. Fedha hushinda, tena mara nyingi. Sisi tunakumbuka zaidi siku iliyoshindwa kwa sababu siku hiyo ina utamu wake.

Hapa Tanzania tunayo hata ile ya kuchekesha na kusikitisha kwa pamoja. Singida United ilirudi Ligi Kuu mwaka 2017 kwa kishindo, kocha mwenye jina, wageni wa kila nchi. Ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2018 pale Arusha, ikafungwa 3-2 na Mtibwa Sugar, timu ya kiwanda cha sukari. Miaka miwili baadaye ikashuka daraja. Msimu huohuo ikashuka na Ndanda yetu, Wana Kuchele, ambao walikuwa hawana hata hizo fedha za kupoteza. Ndanda ilipata miaka sita Ligi Kuu kwa kuungaunga. Mimi bado naiona ile kama kazi kubwa kuliko makombe ya watu.

*

Sijasema ile milioni mbili na laki moja ilikuwa imepangiwa nini.

Kwa Wamakonde mjomba si mtu wa kuja sikukuu na soda. Ndiye mwenye neno kwenye jando lako, ndiye anayeulizwa ukitaka kuoa, na baba yako akishindwa ndiye anayetazamwa. Baba alikuwa ameshindwa. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nimepata nafasi kwenye chuo cha ualimu, na mjomba alikuwa amesema mbele ya mama, na mbele ya bibi, kwamba korosho zikiuzwa ataanza na mimi. Sikuwa na wasiwasi. Ndiyo maana nilipaka mafuta viatu.

Msimu uliofuata, wa 2018, mnada ulikwama, bei ikagombaniwa, serikali ikatangaza kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 na magari ya jeshi yakaja kubeba. Fedha zilikawia. Chuo nilikuja kuingia mwaka 2020, kwa mkopo wa kikundi cha mama. Nimemaliza, nafundisha, sina ninachomdai mtu. Lakini kwa miaka hiyo yote, mjomba na mimi tuliongea kuhusu kila kitu isipokuwa ile Jumapili. Tuliongea Simba sana. Naona sasa kwamba tuliongea Simba ili tusiongee lile.

Na huyu si mtu mjinga wa fedha, ndilo linaloniudhi. Mjomba kwenye mikorosho ni bingwa. Anajua kwamba salfa si kununua, ni siku ya kupuliza. Hupuliza alfajiri, upepo haujaamka, umande bado uko kwenye maua ili unga ushike. Jirani yake anayenunua mifuko mingi kuliko yeye na kupuliza saa tatu asubuhi, upepo unamchukulia nusu ukampelekea shamba la wengine. Mjomba hucheka, anasema jirani amenilimia. Mtu anayejua hayo yote alinunua timu saa tatu asubuhi.

*

Mei 25 mwaka 2025 nilikuwa nyumbani. Simba ilikuwa inarudiana na RS Berkane, fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Kule Morocco ilishafungwa mbili bila. Marudiano yalihamishiwa Amaan, Zanzibar, kwa sababu nyasi za uwanja wa Mkapa zilikuwa hazifai, na hilo kijijini kwetu lilichukuliwa kama tusi la kifamilia. Tulikwenda kibanda umiza, mimi na mjomba, shilingi mia tano kila mmoja, mabenchi ya mbao, joto la watu mia moja. Joshua Mutale akafunga mapema. Kibanda kikainuka. Halafu Simba ikabaki kumi baada ya kadi nyekundu, halafu dakika zikaanza kwenda haraka, halafu mwishoni kabisa Berkane wakasawazisha, na mtu wa mbele yetu akazima simu yake kana kwamba ndiyo iliyokuwa ikionyesha mpira.

Tulirudi kwa miguu. Ulikuwa unaanza ule ubaridi wa Newala wa kuelekea Juni, ukungu umeshuka mpaka barabarani. Mjomba alisema, bila mimi kumuuliza:

"Unajua kwa nini nilimtaka yule ng'ombe, mpwa wangu?"

Sikujibu.

Akasema kwamba alipokuwa mdogo, kabla ya mabomba, bibi alikuwa akiteremka bondeni kufuata maji. Kila mtu wa juu anaijua ile njia: kushuka ni saa moja, kupanda na ndoo ni saa mbili na zaidi. Kule chini maji yapo, na wenye maji ni watu wa kijiji kile kilichotufunga. Siku moja alikwenda naye, ana miaka sita au saba. Kisimani wakawekwa pembeni mpaka wenyeji wote wachote. Jua likapanda. Bibi akaomba, mwanamke mmoja akamwaga ndoo ya bibi ambayo ilikuwa imefika nusu, akasema watu wa juu waje na mvua yao. Bibi akacheka kama vile ni utani. Wakapanda na nusu ndoo.

"Nilitaka ng'ombe apande ile njia," mjomba alisema. "Basi. Apande, wamwone."

Nilitembea kama hatua hamsini hivi nikitafuta la kusema. Nilikuwa na hotuba ya miaka minane imekaa tayari kifuani, na ikawa haina mlango wa kutokea. Ile fedha haikununua timu. Ilikuwa inalipa nusu ndoo. Na nadhani, nikiwaangalia wale matajiri wa Marekani na wa kwetu wanaotupa mabilioni kwenye timu ambazo kwa hesabu za biashara hazina maana, wapo kadhaa wenye kisima chao mahali fulani. Mtu wa namna hiyo hawezi kungoja misimu mitatu kocha ajenge timu. Anataka Jumapili hii, na watu wale wale wawepo.

"Na nilikutoa," akasema. "Namba tatu."

"Ulinitoa, mjomba."

"Ungecheza wewe tungeshinda?"

Ningeweza kusema ndiyo. Kwa miaka yote nilikuwa nimejiambia ndiyo, kwa sababu kipa angejua jina langu. Lakini yule winga wao, mwaka mmoja kabla, kwenye kombe lilelile, alinipita mara mbili kama mtu anayepita kichuguu, na mabao yote mawili yalitoka upande wangu. Mjomba alikuwepo siku hiyo. Ndiyo siku aliyoanza kutafuta beki.

"Hapana," nikamwambia. "Tungefungwa mapema zaidi."

Akacheka mpaka akasimama, mkono kiunoni, akakohoa. Kisha akaniuliza kama ni kweli Simba wanamtaka mshambuliaji gani sijui kutoka Kongo, mtu kamwonyesha kwenye simu, kijana ana mbio si mchezo.

"Umemwona akicheza?" nikauliza.

"Kwenye simu," akasema. "Lakini ana mbio."